SOMO LA WANACHAMA: KABLA HUJANUNUA NYUMBA YENYE NGAZI YA WOTE



Katika masomo ya ukurasa huu huwa tunazungumza habari za mishahara, saa za kazi, usalama wa mitambo na haki ya wafanyakazi kukutana. Safari hii tunazungumza habari za nyumba. Mfanyakazi hutoa miaka thelathini ya nguvu zake kiwandani au shambani, na siku anapokabidhi vifaa vya kazi swali la kwanza linalomngoja ni hili: sasa atakaa wapi yeye na watu wake? Swali hilo halifai kungojewa mpaka siku ya kustaafu.

Siku hizi Kampala na pembeni mwake zinauzwa nyumba za namna ambayo wazee wetu hawakuizoea. Huuziwi kiwanja ukajenga mwenyewe. Unauziwa fleti moja ndani ya ghorofa, au nyumba moja ndani ya ua wenye lango moja, mlinzi mmoja na tangi moja la maji. Mnunuzi hupewa hati yake mwenyewe, na hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na hati hupewa kitu kingine ambacho wauzaji hawakitaji sana: anaingizwa katika chama cha wenye nyumba wa jengo lile, atake asitake. Chama hicho kitamtoza ada kila mwezi, kitamwekea kanuni, na kikishindwa kazi yake, hasara itaingia mpaka chumbani mwake.

Shabaha ya somo hili ni moja. Tunataka mwanachama anayefikiria kununua nyumba ya namna hii ajue kwamba vyumba na bei ni nusu tu ya ukaguzi. Nusu ya pili ni chama chenyewe. Na katika kukagua chama, mfanyakazi aliyezoea mikutano ya tawi lake ana ujuzi ambao matajiri wengi hawana.

1. TUANZE NA KIKUUBO

Wengi wetu tunaijua Kikuubo. Neno lenyewe kwa Kiganda maana yake ni njia nyembamba, uchochoro. Iko katikati ya Kampala, karibu na Nakivubo na vituo vya mabasi, na ni mahali pa biashara ya jumla panapojulikana hata nje ya mipaka ya Uganda. Sukari iliyotokana na miwa ya wenzetu wa Kakira na Lugazi, sabuni, mafuta ya kula, chumvi na biskuti za viwandani, vyote hupita humo mabegani mwa wachukuzi kabla ya kufika dukani kijijini.

Tazama majengo ya Kikuubo kwa jicho la somo letu. Kila mwenye duka ana mlango wake na kufuli lake. Ndani ya mlango ule ni bwana. Lakini ngazi anayopandia si yake peke yake. Paa si lake peke yake. Choo, mfereji wa maji machafu, nyaya za umeme ukutani, na uchochoro wenyewe ambamo wateja hupita, vyote ni vya wote. Mvua kubwa inaponyesha na maji ya mfereji wa Nakivubo yakafurika, hayaulizi nani amefagia mlangoni pake na nani hakufagia. Yanaingia. Moto nao ni vivyo hivyo. Soko la jirani la Owino liliungua mwaka 2009, likaungua tena mwaka 2011, na bidhaa za mtu mwangalifu ziliteketea pamoja na za mtu mzembe.

Kwa hiyo mtu akikaa katika jengo moja na wenzake, sehemu kubwa ya usalama wa mali yake iko nje ya mlango wake. Huko nje kunatunzwa na nani? Kwa fedha za nani? Nani anaamua? Katika majengo mengi ya Kikuubo wenye maduka ni wapangaji, na majibu yako mikononi mwa mwenye jengo. Lakini ukinunua fleti kwa hati yako, huna tena mwenye jengo wa kumlalamikia. Mwenye jengo ni ninyi.

2. SHERIA INASEMA NINI

Mwaka 2001 Uganda ilipata sheria ya kumiliki sehemu za jengo, ambayo watu huiita sheria ya kondominiamu. Kabla ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kupata hati ya fleti iliyo ghorofa ya tatu, kwa kuwa hati ilifuata ardhi, na ardhi ya jengo zima ni moja. Sheria ile iliweka mpango ufuatao.

Kwanza, mwenye jengo hupeleka kwa Msajili wa Hati ramani inayoonyesha kila sehemu ya jengo. Ramani ikisajiliwa, kila sehemu hupata hati yake. Hati hiyo inaweza kuuzwa, kurithiwa au kuwekwa rehani kama hati nyingine.

Pili, yote ambayo hayamo katika sehemu ya mtu, kama vile ngazi, paa, kuta za nje, ua, mabomba makuu na njia, huwa mali ya pamoja. Kila mwenye sehemu ana fungu lake katika mali hiyo, na fungu hilo halitengani na fleti yake. Huwezi kuuza fleti ukabaki na fungu la ua, wala kuuza fungu ukabaki na fleti.

Tatu, ramani inaposajiliwa, sheria huunda papo hapo shirika la wenye sehemu zote za jengo. Hili ndilo tunaloliita hapa chama cha wenye nyumba. Si kikundi cha hiari kama chama cha kuzikana. Lina uwezo wa kushtaki na kushtakiwa. Lina halmashauri inayochaguliwa na wenye sehemu. Lina wajibu wa kutunza mali ya pamoja na kuikatia bima. Lina haki ya kutoza michango, na asiyelipa linaweza kumdai kama mdeni.

Nne, kila sehemu hupewa kipimo chake, na kipimo hicho huamua ukubwa wa fungu, wa mchango na wa kura. Hapa mfanyakazi aangalie sana. Katika chama chetu kila mwanachama ana kura moja, awe fundi mkuu au mfagiaji. Katika jengo la namna hii mwenye fleti kubwa, au mwenye fleti nyingi, huwa na sauti kubwa zaidi. Ukinunua fleti moja katika jengo ambamo mtu mmoja ameshika zaidi ya nusu, ujue kwamba utakuwa mwenye nyumba mbele ya sheria, lakini katika mkutano utakuwa msikilizaji.

Majirani zetu wana sheria za jinsi hiyo pia. Tanzania ilitunga yake mwaka 2008. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1987, kisha ikaibadilisha kwa sheria mpya ya mwaka 2020. Mwanachama anayenunua Nairobi au Dar es Salaam asidhani kwamba sheria ya Kampala inamfuata. Asome ya huko.

3. FAIDA ZAKE SI NDOGO

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba nyumba za namna hii ni mtego. Tumeona katika mji huu hasara ya kukosa hati.

Majumba ya Naguru na Nakawa yalijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini. Familia zilikaa humo vizazi viwili au vitatu, watoto wakazaliwa, wazee wakafia humo. Lakini walikuwa wapangaji. Mwaka 2011 waliondolewa, majumba yakabomolewa, na ahadi za makazi mapya hazikutekelezwa kama zilivyotolewa. Miaka hamsini ya kodi haikuwa imewanunulia hata tofali moja.

Tofautisha na fleti za Shirika la Nyumba la Taifa huko Bugolobi, Wandegeya na Bukoto. Baada ya sheria ya mwaka 2001, fleti hizo ziliuzwa, na wapangaji waliokuwamo walipewa nafasi ya kuzinunua. Waliofanikiwa kununua walipata hati. Aliyekuwa mpangaji akawa mwenye mali, na mali ile hawezi kuondolewa kwa barua ya siku chache.

Faida nyingine ni kwamba ardhi ya mjini ni ghali mno kwa mtu wa mshahara. Watu ishirini na wanne wakikaa juu ya kiwanja kimoja, gharama ya ardhi, ya uzio, ya mlinzi na ya kisima inagawanyika. Hii ndiyo nguvu ya umoja, na sisi wa vyama vya wafanyakazi hatuwezi kuidharau. Lakini kila umoja unataka hesabu safi. Basi tufanye hesabu.

4. HESABU YA JENGO MOJA

Tuchukue jengo la mfano tu, lenye fleti 24 zinazolingana. Kila fleti inatakiwa kutoa shilingi 80,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, chama kinapata shilingi 1,920,000.

Matumizi ya mwezi tuseme ni haya: walinzi 700,000; usafi na kuzoa taka 300,000; pampu ya maji na taa za ngazi 250,000; bima 200,000. Jumla ni 1,450,000. Kinachobaki ni 470,000, nacho kinawekwa katika mfuko wa akiba. Kwa mwaka mmoja akiba inafika 5,640,000.

Sasa tuseme fleti 8 hazilipi. Wengine wamesafiri, wengine wamepangisha na kumwambia mpangaji kwamba ada si kazi yake, wengine wanaona wenzao hawalipi nao wanaacha. Chama kinapata 1,280,000 tu. Akiba imekwisha, tena kila mwezi panapungua 170,000. Kwanza taa za ngazi zinazimwa. Halafu mlinzi mmoja anaachishwa. Halafu bima haikatwi tena, na hilo hakuna anayeliona, maana bima haionekani mpaka siku ya moto.

Mwaka wa sita paa linavuja na fundi anataka shilingi 36,000,000. Jengo ambalo watu wake walilipa vizuri lina akiba ya 33,840,000. Zinapungua 2,160,000, sawa na shilingi 90,000 kwa kila fleti. Jengo la pili halina kitu. Kila fleti itatakiwa kutoa 1,500,000 kwa mpigo mmoja, na wale 8 ambao hawakulipa ada ndogo hawatalipa kubwa. Basi paa litaendelea kuvuja, zege litaloa, na bei ya kila fleti itashuka, pamoja na ya yule aliyelipa kila mwezi bila kukosa.

Majengo mawili, bei moja siku ya kununua, rangi moja ukutani. Tofauti yao iko katika daftari la hesabu. Mnunuzi asiyeomba kuliona daftari ananunua akiwa amefumba macho.

Tena, shilingi 80,000 si ndogo. Kwa mtu anayepata 500,000 kwa mwezi ni asilimia 16 ya mshahara, nayo haitakwisha siku mkopo utakapokwisha. Utailipa ukiwa kazini, utailipa ukiwa mzee, na kwa kawaida itapanda. Anayepiga hesabu ya nyumba bila kuitia ada hii amepiga hesabu ya nusu.

5. FUNZO KUTOKA MBALI

Marekani mamilioni ya familia wanaishi katika nyumba zilizo chini ya vyama vya wenye nyumba. Katika baadhi ya majimbo ya huko, chama kinaweza hata kuifanya nyumba iuzwe kwa sababu ya ada ambazo mwenye nyumba hakulipa.

Katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, lilikuwapo jengo la ghorofa 12 kando ya bahari lililoitwa Champlain Towers South. Halikuwa jengo la maskini. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na chama cha wenye nyumba aliandika kwamba zege limeharibika na linahitaji matengenezo makubwa. Matengenezo yalitaka mamilioni ya dola, na akiba ya chama haikuwa karibu na kiasi hicho. Wenye nyumba walibishana. Mwaka 2019 wajumbe kadhaa wa halmashauri walijiuzulu. Ilipofika Aprili 2021, gharama ilikuwa imefika dola milioni 15, na malipo yalipangwa kuanza mwezi Julai. Tarehe 24 Juni 2021, usiku, watu wakiwa wamelala, upande mkubwa wa jengo ulianguka. Watu 98 walikufa.

Wachunguzi wamekuta kwamba jengo lile lilikuwa pia na kasoro za tangu kuchorwa na kujengwa. Hiyo haipunguzi funzo, inaliongeza. Jengo lenye kasoro linahitaji chama chenye macho na chenye fedha kuliko jengo lisilo na kasoro. Na hapa kwetu, tunaosikia mara kwa mara habari za majengo yanayoporomoka yangali yanajengwa, nani atasema kwamba jambo hili halimhusu?

6. JE, KIBANJA SI AFADHALI?

Wapo wanachama watakaosema: mimi sitaki ada wala mikutano, nitanunua kibanja changu nijenge polepole. Hilo ni wazo la heshima, na Waganda wengi wamejenga hivyo. Lakini mwenye kibanja asidhani kwamba amekwepa kushirikiana na watu. Amebadilisha tu mtu wa kushirikiana naye.

Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mpango uliotokana na Mapatano ya mwaka 1900. Katiba ya mwaka 1995 imeuhifadhi pamoja na namna nyingine tatu za kumiliki ardhi. Mwenye kibanja katika ardhi ya mailo ana haki ya kukaa, lakini yuko mwenye hati juu yake. Anatakiwa kulipa busuulu kila mwaka. Akitaka kuuza anahitaji idhini ya mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2010, inamlinda asifukuzwe ila kwa amri ya mahakama kwa kosa la kutolipa busuulu. Hata hivyo kesi za vibanja ni nyingi, na wanaouziwa kibanja kimoja watu wawili ni wengi.

Kwa hiyo chaguo si kati ya uhuru na utumwa. Mwenye kibanja anapaswa kumjua mwenye ardhi wake na mipaka yake. Mwenye fleti anapaswa kukijua chama chake na hesabu zake. Anayetaka kulima mihogo nyuma ya nyumba na kufuga kuku, na asiye na haja ya kukaa karibu na kazi ya mjini, kibanja au kiwanja chenye hati kitamfaa zaidi. Anayebaki mjini, ambaye watoto wake wanasoma mjini na nauli inamla kila siku, fleti yenye chama kizuri inaweza kumfaa. Fleti yenye chama kibaya haimfai mtu yeyote, hata ikiwa rahisi.

7. FEDHA YAKO NI YA MWISHO, SI YA MAJARIBIO

Wengi wetu fedha pekee tuliyo nayo ya kununulia nyumba ni akiba ya NSSF. Kila mwezi asilimia 5 hukatwa kwenye mshahara na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama aliyefika umri wa miaka 45 na aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua mapema hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye milioni 30 atapata milioni 6. Wauzaji wa nyumba wanalijua hilo kuliko baadhi yetu, na wanazingojea milioni hizo kama malipo ya kwanza.

Kumbuka kwamba fedha hiyo ni ya uzee wako. Ukiitoa leo haitazaa tena huko. Usiitoe kwa sababu umeambiwa kwamba fleti zimebaki mbili tu.

Anayekopa benki kwa rehani ajue pia kwamba nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Kwa Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Hii si karatasi ya kutiwa saini mezani kwa haraka. Wote wawili wakae chini, wapige hesabu ya marejesho pamoja na ada ya chama, na wajiulize: kiwanda kikisimama miezi mitatu, tutalipa vipi?

8. MAMBO TISA YA KUKAGUA

Mwanachama akate ukurasa huu aende nao.

(1) Hati. Nenda ofisi ya ardhi ukaangalie daftari mwenyewe au kwa wakili wako, si wakili wa muuzaji. Je, ramani ya sehemu za jengo imesajiliwa? Fleti ina hati yake, au unaahidiwa kwamba hati "iko njiani"? Usilipe fedha yote kwa hati iliyo njiani.

(2) Ardhi. Je, ni ya mailo, ya kudumu, au ya kukodi kwa miaka? Kama ni ya kukodi, imebaki miaka mingapi? Mkataba wa miaka 49 ulioanza mwaka 1990 unakwisha mwaka 2039. Fleti haiwezi kuishi kuliko ardhi iliyo chini yake.

(3) Madeni. Je, hati imewekwa rehani, au ina zuio? Muuzaji anadaiwa ada na chama? Pata jibu kwa maandishi kutoka kwa chama chenyewe.

(4) Hesabu. Omba hesabu za miaka mitatu. Tazama mambo mawili: ni fleti ngapi hazilipi, na mfuko wa akiba una kiasi gani benki.

(5) Mikutano. Omba kumbukumbu za mkutano wa mwaka. Chama kisichokutana ni jina tu. Kumbukumbu zitakuambia pia juu ya ugomvi na ufa ambao muuzaji hakukuonyesha.

(6) Kanuni. Zisome zote. Je, unaruhusiwa kupangisha? Kuweka cherehani au duka dogo? Kuanika nguo? Kukaa na ndugu wa mbali? Mtu anayeishi kwa kuuza maandazi asubuhi asinunue mahali ambapo jiko la mkaa limekatazwa, kisha akashangaa.

(7) Kura. Nani ameshika sehemu nyingi? Je, aliyejenga bado anaongoza chama na ndiye anayepewa kazi za usafi na ulinzi?

(8) Jengo. Nenda siku ya mvua. Panda mpaka juu ya paa. Fungua bomba la ghorofa ya mwisho. Nenda tena usiku uone kama taa za ngazi zinawaka. Ukiweza, nenda na fundi unayemwamini.

(9) Watu. Zungumza na wakazi watatu bila muuzaji kuwapo. Zungumza na mlinzi, kwa salamu na adabu. Mwulize kama analipwa kwa wakati. Chama kisichomlipa mlinzi wake hakina fedha, au hakina haki. Na sisi wafanyakazi hatuwezi kujenga raha yetu juu ya mshahara wa mwenzetu usiolipwa.

Ukikataliwa kuona hesabu, kumbukumbu au kanuni, jibu umekwisha kulipata. Ondoka.

9. UKISHANUNUA

Kazi haijakwisha siku ya kupokea ufunguo. Vyama vingi vya wenye nyumba haviharibiwi na wezi. Vinaharibiwa na watu wema wasiohudhuria mkutano. Lipa ada yako kwa tarehe yake na utunze risiti. Hudhuria. Dai hesabu zisomwe kwa sauti na zikaguliwe. Gombea uhalmashauri ukiona unaweza. Tetea mfuko wa akiba wakati wengine wanataka ada ipunguzwe ili wapendwe. Na jirani akishindwa kulipa kwa ugonjwa au kwa kuachishwa kazi, chama kimwekee utaratibu wa kulipa kidogo kidogo badala ya kumwaibisha kwenye ubao wa lango.

Haya si mageni kwako. Ndiyo yale yale unayofanya katika tawi: mchango, katiba, mkutano, mweka hazina anayeulizwa maswali. Mtu aliyejifunza kumwuliza mweka hazina wa tawi "fedha hii ilikwenda wapi?" ameshajifunza nusu ya kuwa mwenye nyumba katika jengo la wengi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Nunua, kama hati ni safi, jengo ni imara, hesabu ziko wazi na ada inaingia katika mshahara wako bila kula chakula cha watoto. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, subiri. Nyumba nyingine itatokea. Akiba ya miaka thelathini haitatokea tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA TAWI

1. Katika makazi yetu ya sasa, ya kampuni au ya kupanga, ni vitu gani vya pamoja visivyo na mtu wa kuvitunza? Tufanye nini mwezi huu?

2. Fleti 24, ada 80,000. Kama fleti 4 tu hazilipi, kinabaki kiasi gani kwa mwezi baada ya matumizi tuliyotaja? Je, bado kuna akiba?

3. Kura kwa kadiri ya ukubwa wa fleti, au kura moja kwa kila mwenye nyumba: ipi ni haki, na kwa nini?

4. Je, wanachama kumi wa tawi letu wakitaka kununua katika jengo moja, watapata nguvu gani ambayo mmoja peke yake hana?